Nyenje Wasioliwa

Inspekta Thevan alishuka garini mbele ya nyumba ya akina Goh, akasimama kidogo kulisubiri goti lake la kushoto likubali uzito. Kitu cha kwanza alichokisikia kilikuwa nyenje.

Saa sita mchana. Jua la mji wa Batu Pahat limekaa utosini, barabara tupu, mbwa wa jirani amejitupa chini ya gari, na bado nyenje walikuwa wanalia nyuma ya nyumba, mamia kwa mamia, bila kupumzika.

"Hata Jumatatu tulipokuja kumkamata yule mzee walikuwa wanapiga hivihivi," alisema Koplo Rosnah. Alifunga mlango wa gari kwa kiuno, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na faili na mwingine na vifuko viwili vya plastiki vyenye chai ya maziwa.

"Uliandika?"

"Kelele za wadudu, Afande? Niandike nini? Nyenje walihojiwa, wakakataa kunyamaza?"

"Afadhali hao. Wa kwetu anakataa kusema. Andika."

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi mno, na Thevan alikuwa amechoka na kesi nyepesi. Jumatatu alfajiri samaki wa fahari wa familia, arowana mwekundu aliyeitwa Jenerali, urefu wa mkono wa mtu mzima, alikutwa chali juu ya maji, siku sita kabla ya mashindano ya samaki ya Johor Bahru. Goh Wei Siang, mtoto wa mwenye nyumba, alipiga simu polisi kabla hajapiga mswaki. Alimtaja Sarman, mtunza samaki kutoka Sambas, ng'ambo ya bahari, aliyekaa katika nyumba ile miaka ishirini na miwili. Chini ya kitanda cha Sarman kulipatikana chupa ya mafuta ya karafuu iliyobaki nusu. Watunza samaki huyatumia kumlaza samaki wakati wa kumpunguza pezi; yakizidi, haamki. Sarman alihojiwa mara tano. Mara tano aliangalia sakafu.

Rumande ilikuwa inaisha kesho saa tatu asubuhi. Akishtakiwa, kibali chake cha kazi kingesimamishwa, na mzee wa miaka sitini na moja angepandishwa feri kurudi mahali ambapo hana hata kitanda.

Kwenye uzio, mwanamke mnene mwenye kibanio cha nguo mdomoni alikuwa akianika mashuka. Alikitema kibanio.

"Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Leo, ndiyo."

"Basi wazime hao wadudu. Mimi Mak Yam, nakaa hapa. Mwezi mzima sijalala! Mume wangu kahamia sebuleni na mto wake."

"Mwezi mzima? Si tangu Jumatatu?"

"Jumatatu ya mwaka gani? Nahesabu, mwanangu. Walianza mara tu baada ya sikukuu. Zamani walikuwepo haohao, wamefugwa kwenye masanduku huko nyuma, huwezi kujua kama wapo. Pak Sarman alikuwa anamlisha yule samaki nyenje hao kabla hawajaota mabawa. Nyenje asiye na mabawa halii. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Mimi sikujua."

"Ndiyo maana umekamata mtu asiye mwenyewe," alisema Mak Yam, akarudisha kibanio mdomoni.

Rosnah aliandika bila kuambiwa.

Wei Siang aliwapokea kwenye chumba cha samaki. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati la ofisini, simu mbili mkononi. Wiki nzima hukaa Kuala Lumpur. Batu Pahat huja Jumamosi na kurudi jioni; safari hii tu alibaki kuandaa mashindano.

"Nilidhani mmemaliza," alisema. "Bado nini? Chupa mnayo, mtu mnaye."

"Bado kuelewa," Thevan alisema. "Haya matangi ni tisa?"

"Tisa."

Nane yalikuwa ya vijana, arowana wa kiganja kimoja, wote hai, wakizunguka taratibu. La tisa lilishika ukuta mzima, maji yake meupe, tupu. Pampu yake ya hewa ilikuwa kimya juu ya kifuniko, waya umechomolewa.

"Nani kaizima?"

"Mimi, Jumatatu. Ya nini tena?"

Thevan aliufuata mpira wa maji kwa kidole kutoka tangi kubwa hadi sanduku la chujio sakafuni, kisha mpira mwingine kutoka kwenye chujio hadi tangi la kwanza, la pili, la tatu. Alifika la nane, akanyoosha mgongo kwa shida.

"Maji haya yanazunguka kote?"

"Ni mfumo mmoja. Baba ndiye aliyeujenga."

"Kwa hiyo mafuta yakitiwa kwenye tangi la Jenerali, baada ya saa moja yako kwa hawa nane."

Wei Siang aliwaangalia wale nane. Mmoja alipiga mkia.

"Basi alitia kwenye chakula."

"Chakula gani?"

"Chakula chake! Nyenje, kamba na maganda yao, vyura wadogo, tandu wakipatikana. Na punje za dukani. Baba alimfundisha hivyo: leo hiki, kesho kile, siku moja kwa wiki afunge. Samaki mla nyama ukimpa kitu kimoja tu anaharibika."

"Mara ya mwisho wewe ulimwona anakula lini?"

"Jumamosi ndiyo siku yake ya kufunga."

"Na wewe huja Jumamosi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hujawahi."

"Nilimwona Jumapili iliyopita! Amenona, anang'aa, alikuwa hajawahi kuwa mkubwa vile. Samaki wa namna ile hafi hivihivi, Inspekta. Mtu kamuua."

Rosnah alikwishafungua friza. Pakiti za kamba zilikuwa zimegandana na ukuta wa barafu. Alizigonga kwa mpini wa kijiko, hazikutikisika. Nyuma yake kopo la punje lilikuwa na karatasi ya dukani bado imefunika mdomo.

"Hii barafu ina wiki nyingi, Afande. Hakuna mkono ulioingia humu."

"Nyenje wameota mabawa," Thevan alisema. "Kamba wameganda. Punje hazijafunguliwa. Na samaki kanenepa." Alimgeukia Wei Siang. "Alikuwa anakula nini?"

Thevan alivuta hatua moja moja kando ya tangi kubwa. Chini, kwenye rafu iliyofika usawa wa goti lake, palikuwa na beseni la samaki wa dhahabu, wadogo, wengi, wakigombea hewa.

"Na hawa?"

"Hao wa kumchangamsha tu. Mmoja, wawili kwa mwezi. Anapenda kuwafukuza."

Pembeni ya beseni, kwenye msumari, palining'inia wavu mdogo. Mpini wake ulikuwa umekatwa ukabaki shibiri moja, ukafungwa kitambaa raundi nyingi mpaka ukawa mnene kama mpini wa jembe. Thevan aliushika kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Akaurudisha.

Simu yake ililia. Ilikuwa ya Daktari Letchumi, wa maabara ya mifugo.

"Thevan, una kalamu?"

"Nina Rosnah." Aliweka simu kwenye spika.

"Samaki wako hana sumu. Hana karafuu, hana dawa ya wadudu, hana chochote."

"Kafa kwa nini?"

"Kwa kula. Tumboni nimekuta samaki wa dhahabu kumi na mmoja na miiba ya wengine nisiowahesabu. Hakuna kitu kingine. Ini limejaa mafuta. Sikiliza: nyama ya samaki wa dhahabu ina kitu kinachoharibu vitamini B1. Ukimpa mmoja leo, si neno. Ukimpa hao tu, siku zote, anashiba, ananenepa, watu wanamsifu, na huku mishipa yake ya fahamu inakufa. Mwisho anaogelea ubavu, anazunguka kama kalewa, anajigonga kwenye kifuniko."

Wei Siang alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Jumapili jioni," alisema polepole. "Nilidhani anacheza. Nilimpiga video."

"Angeweza kupona?" Thevan aliuliza.

"Mapema, ndiyo. Vidonge vya B1, hivi vya binadamu vya dukani. Unavificha ndani ya kamba. Tatizo ni kumfanya amle huyo kamba. Hawa wakishazoea kitoweo kimoja wana maringo kuliko bibi harusi, kingine chote wanakutemea usoni. Inabidi umshindishe njaa siku tatu, nne, mpaka akili imrudi. Na nyumba nzima ikubaliane. Mtu mmoja akimwonea huruma, kazi imeharibika."

Thevan alimshukuru, akakata simu.

"Rosnah. Vielelezo."

"Cha kwanza, chupa ya mafuta ya karafuu. Cha pili, vidonge vya njano, vimebaki vinne kati ya ishirini. Mshukiwa alisema ni vya ganzi ya miguu. Ndilo jambo pekee alilosema."

"Vimeandikwa nini?"

Rosnah alisogeza picha karibu na macho. "B1, Afande."

"Na shavu lake?"

"Limevimba. Jino. Tangu Jumatatu analishika."

"Mama yako jino likimuuma anaweka nini?"

Koplo alifunga faili. Hakutania safari hii. "Karafuu," alisema. "Matone mawili kwenye pamba. Mungu wangu, na mimi ndiye niliyeiokota ile chupa."

Wei Siang alisimama kwa ghafla. "Haya, hakuna sumu. Lakini ndiye aliyemlisha! Kuwachota wa dhahabu ni rahisi, nyenje wanataka kazi. Uvivu huo! Kwangu mimi ni yaleyale."

"Mvivu anunue vidonge kwa mshahara wake?"

"Basi nani? Nyumba hii mchana ina watu wawili tu!"

"Ndiyo," Thevan alisema. "Wawili."

Alitaka kuchuchumaa, goti likakataa, akakaa juu ya njia ya mbao iliyopanda kutoka sakafuni hadi kwenye ukingo wa tangi kubwa. Ilikuwa imepigiliwa vizuri, pembe zake zimepigwa msasa.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kuvutia ndoo za maji. Sarman aliitengeneza."

"Lini?"

"Sijui. Baada ya sikukuu."

"Ndoo haina magurudumu." Thevan aliweka kidole juu ya mbao. Mistari miwili myeusi ya mpira ilipanda sambamba mpaka juu, ikaishia penye kifuniko. "Sarman ni mrefu. Mgongo wake ni mbovu kuliko goti langu. Lakini beseni kaliweka huku chini, na wavu kaukata mpini, akaunenepesha kwa mtu asiyeweza kukaza vidole. Nyenje huruka, kamba huteleza. Samaki wa dhahabu unamchota tu." Aliufuata mstari mmoja wa mpira kwa kidole mpaka chini. "Nyumba hii ina magurudumu mangapi, Bwana Goh?"

Simu moja ya Wei Siang ililia. Akaiacha ilie mpaka ikachoka.

"Baba hajui," alisema mwisho.

"Hajui nini?"

"Hajui kuwa Jenerali amekufa. Nimemwambia kaenda mashindanoni mapema. Na Sarman nimemwambia amekwenda kwao, kuna msiba. Daktari alisema asishtuliwe, kiharusi kinaweza kurudi." Sauti ilimshuka. "Yule samaki ndiye aliyemtoa kitandani, Inspekta. Tangu augue hakutaka kitu. Jumamosi moja nilimwacha hataki hata kukaa, iliyofuata nikamkuta kwenye kiti cha magurudumu, anacheka nusu mdomo. Sikuuliza kwa nini. Mwachieni Sarman. Nafuta malalamiko, sasa hivi, tusimguse mzee."

"Ukifuta, faili linabaki na neno sumu na jina la Sarman, pasipo jibu. Watu wa vibali wakilisoma watafanya nini?"

Wei Siang alizitia simu zote mbili mfukoni.

"Nahitaji maneno matatu tu ya mtu aliyekuwepo. Nani alimlisha, nini, mara ngapi. Habari ya samaki kufa sitaitaja."

Mzee Goh Kim Swee alikuwa ameketi karibu na dirisha, kwenye chumba kilichopakana na kile cha samaki. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala. Wa kushoto ulikuwa umenyooka, umenyolewa, macho yamekaa vizuri. Mezani palikuwa na bakuli la uji mweupe wa wali, limetanda utando juu. Kando yake bakuli jingine, la asubuhi, limejaa vilevile.

"Baba, huyu ni—"

"Polisi," mzee alisema. Neno lilitoka kwa kusukumwa. "Viatu."

Thevan alivitazama viatu vyake, akavuta kigoda. "Samahani kukusumbua, Mzee. Nina swali dogo. Jenerali, nani anamlisha mchana?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mkono huu." Alinyanyua wa kushoto. Vidole, vilivyokakamaa kwa uzee, vilifunguka nusu. "Anakuja. Anachukua hapa hapa."

"Unampa nini?"

"Dhahabu. Wengine siwezi. Wanaruka."

"Na Sarman anasemaje?"

Nusu ya uso ilitabasamu. "Ananigombeza, mimi bosi wake. Kila siku. Tauke Mzee, utamuua. Tauke Mzee, mfungishe siku tatu. Asubuhi anamfungisha. Mchana namlisha." Alivuta pumzi. "Alificha wavu. Nikakataa kula. Akaurudisha."

Rosnah aliandika. Kalamu yake ndiyo iliyosikika, na nyenje.

"Ahsante, Mzee. Yametosha," Thevan alisema, akaanza kuinuka.

"Kaa."

Akakaa.

"Polisi haulizi chakula cha samaki." Mzee alielekeza kidole ukutani, kule kwenye tangi. "Pampu. Miaka tisa naisikia usiku na mchana. Jumatatu ikanyamaza. Samaki akisafiri pampu haizimwi, tangi linakufa. Anarudi wapi?"

Wei Siang alikuwa amesimama mlangoni. "Baba..."

"Nilikufundisha. Hukusikiliza." Haikuwa sauti ya hasira; ilikuwa ya mtu aliyechoka kungoja. "Siku nne nasubiri mmoja wenu aniambie nimemuua."

Mzee aliuchukua mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akauweka vizuri mapajani.

"Sarman hana msiba," alisema. "Hana ndugu kule. Kakasirika? Ndiyo maana kaondoka?"

"Hakuondoka," Thevan alisema. "Tunaye sisi. Alidhaniwa kamtilia samaki sumu. Siku nne hajakutaja."

Mzee alimtazama mtoto wake kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole gumba cha kushoto kwa Rosnah.

"Wino," alisema.

Saa kumi na nusu Thevan alikuwa kwenye korido ya rumande. Zamu ya mchana ilikuwa inaondoka, zamu ya jioni ilikuwa haijafika, na mwenye funguo alikuwa akila wali wa nazi kwenye jani, hataki kusumbuliwa. Thevan alizichukua funguo mwenyewe.

Sarman alikuwa ameketi kwenye benchi, kiganja shavuni.

"Pak Sarman, unaondoka. Weka saini hapa." Alimwekea bahasha kando. Ndani chupa iligongana na vidonge.

Sarman hakuigusa. "Nani kasema?" Maneno yalipita kwenye jino kwa taabu.

"Tauke Mzee mwenyewe. Kwa kidole gumba."

"Mmemwambia?" Alisimama nusu. "Nimekaa humu siku nne, jino linanichimba mpaka kwenye jicho, ili asijue! Na nyie mmekwenda mkamwambia?"

"Hatukumwambia. Alijua tangu Jumatatu. Pampu."

Mzee yule mrefu alirudi kwenye benchi kama gunia. Alitikisa kichwa, mara moja, mara ya pili. "Pampu," alisema. "Wei Siang aliizima. Nilimsikia anaizima. Nilikuwa na pingu."

"Anauliza kama umemkasirikia."

Sarman aliifungua chupa, akalowesha ncha ya kidole, akakipeleka nyuma ya mdomo, akafumba macho. Alipoyafumbua aliuliza, "Amekula?"

"Nani?"

"Tauke Mzee. Nisipokuwepo hali."

"Nimekuta uji. Mtoto wake anampikia, hajaugusa."

"Uji na nini?"

Thevan alikumbuka yale mabakuli mawili. "Uji tu."

"Uji mtupu? Asubuhi, mchana, jioni? Siku nne?" Sarman alikuwa amekwishasimama, bahasha kwapani, anavuta viatu vyake visivyo na kamba. "Hakuna yai? Hakuna samaki wa kuchambua, hakuna mboga? Hawa watu hawajifunzi. Hawajifunzi kabisa!"

"Pak Sarman. Saini."

"Niletee kesho," alisema kutoka kwenye korido, na hakugeuka.